Gitaa Moja, Wanafunzi Kumi na Wanne

Tangu muhula wa kwanza nimekuwa nikiulizwa swali moja na wadogo zetu wa Kidato cha Kwanza na cha Pili, nalo ni hili: "Kaka, mtu asiye na gitaa wala fedha za mwalimu ataanzaje kujifunza gitaa?" Nimelijibu kwa mdomo mara nyingi, tena karibu kila mara kengele ya masomo ya jioni imenikatiza. Sasa naona afadhali nilijibu kwa maandishi, maana mwezi wa Novemba sisi wa Kidato cha Sita tutafanya mtihani na kuondoka. Klabu ya muziki ya shule hii imekwisha kufa mara mbili kwa njia hiyo hiyo. Waliojua waliondoka na ujuzi wao, na gitaa likabaki stoo pamoja na madawati mabovu. Gitaa tunalolitumia sasa ndilo hilo hilo la stoo. Ni moja, na wanafunzi wake ni kumi na wanne.

Kwanza yafaa niondoe wazo moja lililo vichwani mwa wengi, yaani kwamba gitaa ni kazi ya bendi kubwa yenye spika na umeme. Hapa Kampala hatuna udhuru wa kuwaza hivyo. Muziki wa Waganda uitwao kadongo kamu umebeba jibu katika jina lake: maana yake ni gitaa dogo moja, au kama tungesema kwa Kiswahili cha mtaani, kagitaa kamoja. Neno lenyewe linatokana na endongo, kinubi cha zamani cha Waganda ambacho bakuli lake hufunikwa kwa ngozi ya kenge. Mtu mmoja huketi na gitaa lake la kavu, akasimulia kisa kirefu cha ndoa, deni au msiba, na watu wakamsikiliza mpaka mwisho. Christopher Ssebadduka alisifika hivyo, na baada yake Herman Basudde, aliyekufa katika ajali ya barabarani mwaka 1997, na Paul Kafeero, aliyefariki mwaka 2007. Najua wako wazazi na baadhi ya walimu wasioupenda muziki huo kwa kuwa wameusikia zaidi vilabuni mwa pombe. Lakini gitaa halichagui mahali pa kupigwa, na nyimbo zetu za kanisani huhitaji kodi zile zile.

Hata mpigaji mashuhuri kuliko wote wa Kiswahili cha Kongo alikuwa mtu wa gitaa moja. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika akirekodi muziki, alimkuta kijana Jean Bosco Mwenda katika mji wa Jadotville, ambao leo unaitwa Likasi, akamrekodi akipiga wimbo wake "Masanga". Mwenda alipiga kwa vidole viwili tu vya mkono wa kuume, gumba na cha shahada, na anayesikiliza rekodi ile kwa mara ya kwanza hudhani kuna watu wawili. Nasema hivi ili mwanafunzi mdogo asikatishwe tamaa na uchache wa vitu.

Sasa tuje kwenye chombo chenyewe. Gitaa lina shingo, na juu ya shingo hiyo kumepigwa vipande vyembamba vya chuma vinavyokingama toka upande hadi upande. Hivyo huitwa freti. Ukibana uzi nyuma kidogo ya freti, sehemu ya uzi inayotetema hupungua urefu, na sauti hupanda. Vyombo vya nyuzi vya kwetu havina freti. Katika adungu ya Waalur na ennanga ya Waganda kila uzi una sauti yake moja. Endingidi ina uzi mmoja, na mpigaji huitafuta sauti kwa kidole na kwa sikio; akikosea kwa upana wa ukucha, kila mtu atajua. Katika gitaa freti imekwisha kuitafuta sauti kwa ajili yako. Kwa hiyo naona vyombo vya freti vinafaa sana kwa wanaoanza wakiwa wengi na mwalimu akiwa mmoja, maana mwalimu aweza kuandika ubaoni "uzi wa pili, freti ya kwanza" na watoto ishirini wakapata sauti moja.

Wanaoacha gitaa katika wiki ya kwanza huwa wengi, na wengi wao husema hawana kipaji. Mimi siamini. Mara nyingi kosa ni la gitaa lenyewe: nyuzi zake ziko juu mno. Magitaa ya bei nafuu hutoka kiwandani hivyo, na yale ya zamani huzidi, kwa kuwa shingo imevutwa na nyuzi kwa miaka mingi. Mtoto hubana kwa nguvu zake zote, ncha za vidole huuma, na bado uzi haulii vizuri. Basi kabla ya kufundisha lolote, chukua rula. Pima nafasi iliyo kati ya uzi na freti ya kumi na mbili. Ikiwa milimita 2 au 3, gitaa linafundishika. Ikiwa 5 au 6, litengeneze kwanza. Toa nyuzi, chomoa kile kipande cha mfupa au plastiki kinachokaa darajani, ukisugue chini yake kwa msasa juu ya meza iliyonyooka. Kumbuka kwamba freti ya kumi na mbili iko katikati ya uzi, kwa hiyo ukitaka kushusha uzi kwa milimita 1 pale, utasugua milimita 2 darajani. Sugua kidogo, rudisha, pima tena. Kazi hii ilituchukua Jumamosi moja mchana, na gharama yake ilikuwa karatasi ya msasa.

Jambo la pili ni nyuzi. Sisi tulichanga shilingi elfu mbili mbili, tukanunua seti moja. Gitaa lililotengenezwa kwa nyuzi za nailoni lisitiwe nyuzi za chuma. Nyuzi sita za chuma zikikazwa huvuta kwa nguvu ya kilo 70 hivi, na za nailoni huvuta karibu 40. Daraja lililobandikwa kwa gundi ili kuhimili kilo 40 litang'oka siku moja kwa kishindo. Kwa anayeanza nailoni ni bora, maana haikati vidole.

Lakini gitaa moja kwa watu kumi na wanne ni dakika chache kwa kila mmoja, na katika dakika hizo chache vidole havijifunzi kitu. Hapo ndipo tulipoamua kutengeneza mbao, na hili nitalieleza kwa urefu, maana ndilo lililotuokoa.

Ubao wetu ni kipande cha mti mgumu chenye urefu wa sentimita 75 na upana wa sentimita 4. Umepitishwa ndani ya kopo kubwa la biskuti, ambalo ndilo linalokuza sauti. Una nyuzi tatu tu. Nyuzi hizo ni mshipi wa kuvulia samaki, kama unaouzwa kwa wavuvi wa ziwani: unene wa milimita 0.7 kwa uzi mwembamba, 0.9 kwa wa kati na 1 kwa mnene. Za kukazia ni skrubu zenye pete, zinazozungushwa kwa msumari. Freti ni spoki kuukuu za baiskeli, zilizokatwa na kubandikwa kwa gundi kali katika mifereji midogo ya msumeno. Kopo, spoki na mti tulivipata bure.

Kazi yenye kutaka akili ni kujua freti zikae wapi. Wako wanaokisia kwa macho, na chombo chao hulia kama mlango. Ukweli ni kwamba hesabu yake ni nyepesi, hata mtoto wa Kidato cha Kwanza aiweza. Chukua urefu wa uzi unaotetema, toka kipande cha juu hadi darajani. Gawanya kwa 17.817. Jibu ndilo umbali wa freti ya kwanza. Kisha chukua urefu uliobaki, gawanya tena kwa 17.817, utapata umbali toka freti ya kwanza hadi ya pili, na kadhalika. Mbao zetu zina uzi wa milimita 500. Kwa hiyo freti ya kwanza iko milimita 28.1 toka juu, ya pili 54.6, ya tatu 79.6, ya nne 103.1, ya tano 125.4. Ya saba iko 166.3, na ya kumi na mbili lazima iangukie 250 kamili, yaani nusu ya uzi. Ikiwa haikuangukia hapo, umekosea mahali fulani. Rudi nyuma uhesabu upya kabla ya kushika msumeno.

Kwa wale wanaosoma hisabati ya juu, namba hii haikutoka hewani. Kati ya sauti na dada yake iliyo juu, zile zinazofanana kama sauti ya baba na ya mtoto wakiimba wimbo mmoja, kuna hatua kumi na mbili, na mwishoni mitetemo huwa imezidi mara mbili. Basi kila hatua huzidisha kwa kipeuo cha kumi na mbili cha mbili, yaani 1.05946, na 17.817 hutoka katika namba hiyo. Mwalimu wetu wa hisabati alipouona ubao alicheka, kisha akauazima kwa kipindi kizima cha Kidato cha Nne.

Ubao ule una sauti ndogo, wala siudanganyi umma kwamba ni gitaa. Lakini nyuzi zake tatu zimelinganishwa sawa na nyuzi tatu nyembamba za gitaa, kwa hiyo kidole kilichojifunza kwenye kopo la biskuti kinapohamia kwenye gitaa hukuta kila kitu mahali pake. Tunazo mbao tano sasa.

Kuhusu kulinganisha sauti, nyuzi sita za gitaa toka mnene hadi mwembamba huitwa E, A, D, G, B, E. Nyumbani watu hutumia programu za simu. Huku bwenini simu hazikubaliwi, na mimi sioni hasara, kwa sababu sikio hufunzwa mapema. Twaanza na kinanda cha kanisani: sauti ya A ile ya mitetemo 440 kwa sekunde ni sawa na uzi mwembamba kabisa ukibanwa freti ya tano. Kisha uzi wa pili ukibanwa freti ya tano uwe sawa na wa kwanza ulio wazi. Wa tatu ubanwe freti ya nne uwe sawa na wa pili. Na wa nne, wa tano na wa sita kila mmoja ubanwe freti ya tano uwe sawa na jirani yake mwembamba. Kila mwanafunzi hulinganisha chombo mwenyewe kabla ya kumpa mwingine.

Vitabu vingi vya gitaa huanza na kodi za nyuzi sita zinazotaka vidole vitatu au vinne kwa mpigo. (Kodi ni sauti tatu au zaidi zinazolia pamoja, hii haidaiwi na serikali.) Sisi twaanza na nyuzi tatu nyembamba na kidole kimoja. Bana uzi wa pili, freti ya kwanza, upige nyuzi zote tatu: hiyo ni kodi ya C. Ondoa kidole, ukipeleke uzi wa kwanza, freti ya kwanza: hiyo ni G ya saba. Kidole kimeruka uzi mmoja tu, na tayari nyimbo nyingi fupi za watoto zaweza kuimbwa. Bana uzi wa kwanza freti ya tatu, utapata G kamili. Siku ya tatu ongeza kidole cha pili: uzi wa tatu freti ya pili, pamoja na ule wa pili freti ya kwanza, na hapo una A ya huzuni. Kodi ya D ndiyo ya kwanza inayotaka vidole vitatu, nasi twaifikia wiki ya tatu, wakati ncha za vidole zimekwisha kuwa ngumu.

Msidhani kuanza na nyuzi chache ni aibu. John Lennon wa Liverpool, ambaye baadaye alijulikana dunia nzima na kundi la Beatles, alianza na gitaa la bei nafuu lililotengenezwa Afrika Kusini, aina ya Gallotone Champion. Mama yake alijua banjo, akamfundisha kodi za banjo. Alipokutana na Paul McCartney mwezi wa Julai mwaka 1957, bado alikuwa akilipiga gitaa kwa kodi hizo za banjo.

Kwa nyimbo za kwetu iko njia nyingine. Nyimbo nyingi za zamani za Buganda huenda kwa sauti tano, nazo zote zapatikana katika nyuzi mbili tu: uzi wa pili freti ya kwanza na ya tatu, kisha uzi wa kwanza ukiwa wazi, freti ya tatu na ya tano. Mtoto akijua hizo tano aweza kuutafuta wimbo aliofundishwa na bibi yake. Nakiri kwamba mzee aliyezoea amadinda atasema sauti hizo haziko sawasawa, na mzee huyo ana haki. Marimba zile zimegawanya sauti zake tano kwa nafasi zinazokaribiana, wala si kwa hatua kumi na mbili za freti. Tofauti ni ndogo, ila sikio lake huisikia. Mimi huwaambia wanafunzi wajue kwamba wanapiga wimbo wa bibi kwa lafudhi ya kigeni.

Zamu zetu huenda hivi. Watu kumi na wanne huketi duara. Mmoja ana gitaa, watano wana mbao, na wanane waliobaki hupiga makofi na kuimba. Hawa si watazamaji, maana mapigo ndiyo yanayowashinda wengi kuliko kodi. Kila baada ya dakika tano vyombo huhama kwa jirani wa kulia. Mwenye kukabidhi humwonyesha anayepokea kidole kilikaa wapi. Kwa njia hii, aliyejifunza kodi saa nne ameifundisha kabla ya saa nne na robo, na anayefundisha hasahau upesi. Wakubwa tumekatazwa kulishika gitaa katika saa hiyo. Sheria hii wengine waliilalamikia sana, nami nilikuwa miongoni mwao, lakini bila hiyo wadogo wasingeliona gitaa.

Mambo machache zaidi, kwa haraka. Kucha za mkono wa kushoto ziwe fupi. Gumba likae nyuma ya shingo. Kidole kikae karibu kabisa na freti, si juu yake. Wimbo ukiwa chini mno kwa waimbaji, funga penseli juu ya freti ya pili kwa mpira wa tairi la baiskeli, na kodi zile zile zitapanda hatua mbili. Wapigaji wengi wa Afrika Mashariki wametumia penseli hiyo, na dukani chombo cha kazi ile hukugharimu bei ya nyuzi.

Katika wale kumi na wanne, wanne wa Kidato cha Kwanza sasa wanapiga kodi sita bila kutazama vidole. Mmoja wao alifika shuleni akiwa hajawahi kuligusa gitaa. Sasa ndiye anayelinganisha mbao kila Jumamosi, na sikio lake limeshinda langu. Hao wanne nimewakabidhi rula, kipimo cha freti kilichochorwa kwenye karatasi ngumu, na ufunguo wa stoo.

Neno la mwisho ni kwa ninyi kaka zetu mliosoma hapa zamani. Hatuwaombi magitaa mapya. Lakini wengi wenu mna gitaa nyuma ya kabati, Ntinda au Entebbe au Nairobi, ambalo halina nyuzi tangu watoto wenu walipoliacha. Mkija Siku ya Wazazi, lileteni ofisini kwa Mkuu wa Shule lilivyo. Boksi likiwa na ufa, tutaliziba. Shingo ikiwa imevunjika kabisa, lileteni pia, maana skrubu zake za kukazia ni bora kuliko zetu zenye pete, na sita hutosha mbao mbili.